Bendi za majeshi yetu: zilitoka wapi, zinafanya kazi gani, na kwa nini miguu huachana uwanjani

Kijana wa Keko

Wakuu, heshima kwenu. Naomba kuelimishwa. Kwenye gwaride la 9 Desemba au 26 Aprili, bendi inapiga safi na gadi zilizo karibu nayo zinakanyaga sawia, lakini ukitupa macho upande wa pili wa uwanja unaona mguu unashuka umechelewa. Watu wanasema askari wale hawajaiva. Hainiingii akilini, maana hao wanafanya mazoezi kwa wiki nyingi. Tatizo ni nini hasa? Pia mwenye historia ya hizi bendi atuwekee hapa, na atueleze zina kazi gani zaidi ya kupiga Wimbo wa Taifa.

Mkufunzi wa Kwata

Hao askari wameiva. Inayochelewa ni sauti.

Chukua mwendo wa haraka wa hatua 120 kwa dakika. Kila hatua ni nusu sekunde. Kwenye joto la nyuzi 30 sauti inasafiri mita 349 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo askari aliye mita 87 kutoka kwenye ngoma kubwa anausikia mpigo robo sekunde baada ya kupigwa. Robo sekunde ni nusu ya hatua: mguu wa aliye karibu na bendi umeshagusa ardhi, wa huyu bado uko hewani. Mpeleke mita 174, kuchelewa kunafika hatua nzima. Huyo akifuata sikio lake tu, wenzake wa mbele wanaweka kulia yeye anaweka kushoto, na kila mmoja anaapa kwamba yuko sawa na ngoma. Uwanja wa mpira peke yake una urefu wa mita 105 hivi, na gwaride huenea hadi kwenye njia ya kukimbilia. Hesabu hiyo haikwepeki.

Ndiyo maana mwendo wa pole unaonekana umenyooka zaidi. Kwenye hatua 65 kwa dakika, hatua moja inachukua sekunde 0.92, na ile robo sekunde inakuwa kama robo ya hatua. Jicho la mtazamaji halilioni kwa urahisi.

Dawa yake ni kuwafundisha askari wa mbali kuchukua mguu kwa jicho. Kiongozi wa gadi anatazama fimbo ya dramu meja (yule anayeiongoza bendi mbele) au mkono wa mpiga ngoma kubwa, kwa sababu mwanga haucheleweshwi na umbali huo. Walio nyuma yake wanashika mguu wake. Kosa linalorudiwa ni kuweka mpiga ngoma wa pili kule mbali "awasaidie": naye akifuata sikio lake, anaupokea mpigo umechelewa na kuupeleka mbele umechelewa zaidi. Akiwekwa, lazima apige kwa kutazama, na sikio lake aliweke kando.

Kijana wa Keko

Mkuu, hapo nimekuelewa kabisa. Na vipaza sauti si vinamaliza tatizo? Umeme haucheleweshwi.

Mkufunzi wa Kwata

Vinasaidia vikipangwa vizuri, vikipangwa ovyo vinaharibu. Spika ndogo karibu na kila gadi, zikichukua mpigo wa ngoma kubwa peke yake, zinafanya kazi nzuri. Ukiweka spika kubwa nne kwenye pembe za uwanja na kurusha bendi nzima, askari anasikia mpigo mmoja mara tatu: kutoka spika ya karibu, kutoka kwenye bendi yenyewe, na kutoka spika ya ng'ambo.

Halafu kuna mwangwi. Jukwaa lenye paa likiwa mita 100 mbele ya bendi, sauti inakwenda na kurudi mita 200, yaani sekunde 0.57. Hatua ni sekunde 0.5. Mwangwi unarudi nyuma kidogo tu ya mpigo unaofuata, na mpiga ngoma asiye na uzoefu anaanza kuusubiri bila kujijua. Anaburuta, bendi inaburuta, na gwaride zima linalegea. Mpiga ngoma kubwa mzuri anafundishwa kutousikiliza uwanja hata kidogo. Anatazama miguu ya dramu meja, basi.

Kuna na kasoro ya upande wa pili, ya kukimbia. Furaha ya umati inapandisha bendi kutoka 120 hadi 126 bila mtu kutambua. Hatua ya sentimita 75 haipungui, kwa hiyo askari wafupi wanaanza kuruka ili wasiachwe na safu inapinda katikati. Ukiona safu imepinda kama upinde, hesabu mipigo kwa saa yako kabla ya kuwalaumu askari.

Mwana wa Shangani

Assalaam alaykum wanajamvi. Kwenye historia naomba tusianzie kwa Mzungu. Pwani hii ilikuwa na vyombo vya dola kabla ya shaba za Ulaya kufika. Siwa, ile pembe kubwa ya kupulizwa: ya Pate, ya pembe za ndovu, na ya Lamu, ya shaba, zipo hadi leo kwenye makumbusho ya Lamu. Siwa haikupigwa na yeyote apendaye. Ilipigwa kwenye shughuli za watawala na koo zenye haki nayo, na sauti yake ilitangaza kwamba jambo hili ni la mji mzima. Kazi hiyo ndiyo inayofanywa na bendi Rais anapoingia uwanjani: kabla hajasema neno, sauti imekwisha kuwaambia watu nani amefika.

Na hata bendi ya Ulaya si ya Ulaya peke yake. Ngoma kubwa na matoazi viliingia kwenye majeshi yao katika karne ya 18 kwa kuiga bendi za askari wa Dola ya Uthmaniya. Hapa Unguja sultani alikuwa na bendi yake ya shaba, na wapigaji wake wengi walikuwa Wagoa, watu waliokulia kwenye kusoma nota makanisani kwao Goa. Watu wa mji walizizoea tarumbeta zamani.

Nota Nne

Nashukuru, sheikh. Naongezea upande wa majeshi ya kikoloni.

Wajerumani walikuwa na bendi ya askari wa Kiafrika Dar es Salaam kabla ya Vita ya Kwanza. Upande wa Waingereza, King's African Rifles (KAR) iliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Afrika ya Kati, Uganda na Afrika Mashariki, na KAR ikaja na mbiu zake, ngoma zake na bendi zake. Wimbo wake wa safari, Funga Safari, ulikuwa wa Kiswahili, na wazee wengi bado wanaujua ule mlolongo wa kuulizana amri ni ya nani. Uhuru ulipokuja, vikosi vilibadilishwa majina pamoja na watu wake na vyombo vyake: KAR ya 6 na ya 26 zikawa Tanganyika Rifles mwaka 1961, ya 4 ikawa Uganda Rifles mwaka 1962, na ya 3, ya 5 na ya 11 zikawa Kenya Rifles mwaka 1963. Baada ya maasi ya Januari 1964, Tanganyika Rifles ilivunjwa na JWTZ ikaanzishwa upya tarehe 1 Septemba 1964.

Ndiyo maana bendi za Kenya, Uganda na Tanzania zinafanana mno kwa mpangilio, kwa ishara za fimbo, hata kwa ile ngozi ya chui ya mpiga ngoma kubwa. Ngozi ile ina kazi, jamani. Ngoma inasugua kifua na mapaja kwa saa nzima, na bila kitu cha kuzuia, vifungo vya sare vinakwaruza ubao wa ngoma na sare inachanika. Siku hizi ngozi za kutengenezwa zinatumika sana, kwa kuwa biashara ya chui kimataifa imebanwa tangu mkataba wa CITES ulipoanza kazi mwaka 1975.

Wakufunzi wa bendi za Kiingereza walipikwa Kneller Hall, shule ya muziki wa jeshi iliyofunguliwa mwaka 1857 nje kidogo ya London. Sababu ya kuifungua inasimuliwa hivi. Mwaka 1854, wakati wa Vita ya Crimea, bendi nyingi za vikosi zilikusanywa Scutari (Uturuki) kumpigia malkia wimbo wa heshima siku ya kuzaliwa kwake. Kila bendi ilikuwa na mpangilio wake, ufunguo wake na kiwango chake cha sauti (juu au chini kwa noti, si ukubwa wa kelele). Zilipoanza pamoja ikawa fedheha mbele ya wageni. Duke of Cambridge, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa jeshi, ndiye aliyesukuma shule moja ianzishwe ili bendi zote zisome kitu kimoja. Somo la Scutari ndilo moyo wa bendi ya taifa: ukikusanya bendi ya jeshi, ya polisi, ya magereza na ya JKT uwanja mmoja, mtu wa jukwaani asisikie bendi nne.

Toazi

Hapo kwenye kiwango cha sauti mkuu ningependa tukae kidogo, maana ndipo bendi nyingi zinapoaibika na watu hawajui kwa nini.

Bendi ikijipima sauti ndani ya ukumbi saa 12 asubuhi kwenye nyuzi 23, halafu ikasimama juani hadi saa 4 kwenye nyuzi 33, haiko tena pale ilipojipima. Hewa iliyo ndani ya bomba ikipata joto, sauti inapanda karibu senti 3 kwa kila nyuzi 1. Senti 100 ni nusu toni, yaani hatua moja kutoka noti hadi noti ya jirani. Pumzi ya mpulizaji tayari ina joto, kwa hiyo haitapanda senti 30 kamili, ila inapanda, na inapanda tofauti kwa kila chombo. Tuba na eufonia zilizowekwa chini juani zinapanda sana. Klarineti ya mbao inapanda kidogo. Kengele za chuma za kupigwa kwa nyundo hazipandi kabisa, tena zinashuka kidogo. Matokeo yake Wimbo wa Taifa unaanza na sauti tatu zinazogombana, na sehemu inayoumia ni noti ndefu, kwa sababu huko hakuna pa kujificha.

Utaratibu ni huu. Vyombo vikubwa vikae kivulini mpaka dakika za mwisho. Bendi ipulize hewa tupu ndani ya vyombo dakika chache kabla ya kuanza, bila kutoa sauti, ili bomba lishike joto la pumzi. Halafu ijipime tena hapo hapo uwanjani, kuanzia tuba kwenda juu. Wengi hufanya kinyume, wanaanzia klarineti, na sauti za chini zinabaki zikielea. Tarumbeta ya Bb ina bomba la sentimita 148 hivi. Ukivuta kipande cha kurekebishia sentimita 1 umeongeza sentimita 2 za njia, kwa kuwa kina mikono miwili, na sauti inashuka karibu senti 23. Klarineti inavutwa kwenye kiungo cha juu, milimita moja tu kwanza, usikilize. Ukivuta sana, noti za kooni (za katikati) zinashuka na zile za chini zinabaki palepale.

Na msipige kwa nguvu zote mkijipima. Tarumbeta ikipigwa kwa nguvu inapotoka kwenye sauti yake.

Kijana wa Keko

Hizi ndizo nondo nilizokuwa nazitafuta. Sasa nyimbo za taifa za wageni inakuwaje? Rais wa nchi fulani anakuja kesho kutwa, bendi inaupata wapi wimbo wake?

Nota Nne

Bendi ya taifa inatunza maktaba ya nyimbo za mataifa, kila mmoja na nota za kila chombo. Ugeni ukithibitishwa, nota zinahakikiwa na ubalozi wa nchi husika. Tena inaulizwa toleo lipi. Uruguay wimbo wake ukipigwa wote unazidi dakika 4, na gadi ya heshima haiwezi kushika silaha mkao wa saluti muda wote huo, kwa hiyo wanatumia toleo fupi lililokubaliwa. Uganda ni kinyume, wimbo wake ni mfupi mno.

Mitego ipo. Sisi na Zambia tunatumia tuni ile ile ya Enoch Sontonga ya mwaka 1897, ila maneno na mpangilio vinatofautiana, na aliyezoea mmoja anaweza kuteleza kwenye kibwagizo. Afrika Kusini nayo ina kipande cha Sontonga, lakini tangu 1997 wimbo wao umeunganishwa na wa zamani na unahama ufunguo katikati. Bendi isiyofanya mazoezi ya pale pa kuhamia inaanguka hapo hapo. Finland na Estonia tuni ni moja. Nyimbo zikibadilishwa na serikali mpya, nota za zamani zitolewe kabatini siku hiyo hiyo. Zikibaki, ipo siku zitatolewa kwa haraka na mtu asiyejua.

Rekodi si salama kuliko bendi, msidanganyike. Mwaka 2012 kule Kuwait, mlenga shabaha wa Kazakhstan alipewa medali ya dhahabu huku ukipigwa wimbo wa dhihaka wa kwenye filamu, kwa kuwa mtu alipakua faili bila kuhakiki. Bendi yenye nota zilizogongwa muhuri wa ubalozi haiwezi kufanya kosa la namna ile.

Wa Kenya una historia yake nzuri: tuni ya bembelezi ya Wapokomo, iliyotolewa na Mzee Meza Galana, ikapangwa na jopo la watu watano, wakiwemo Graham Hyslop na George Senoga-Zake. Ulichaguliwa kwa kuimbwa na kupigwa, na bendi ilikuwa sehemu ya majaribio hayo. Sasa kuna na wimbo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliopitishwa 2010, kwa hiyo kwenye hafla nyingi bendi inajiandaa kwa nyimbo mbili au tatu mfululizo.

Mgeni wa Voi

Salamu kutoka Kenya. Naona mmesahau kitu kikubwa: bendi za jeshi ndizo zilizozaa muziki wetu wa dansi kwa sehemu kubwa. Maroon Commandos ilianzishwa mwaka 1970 ndani ya kikosi cha 7 cha Kenya Rifles, kambi ya Langata, ikiongozwa na Habel Kifoto. Ile safu ya tarumbeta na saksafoni inayoingia pamoja na kukata pamoja ni nidhamu ya kambini kabisa. Kwenu Tanzania mlikuwa na Mwenge Jazz ya JWTZ, Polisi Jazz, Kimulimuli ya JKT.

Mwana wa Shangani

Ahsante ndugu yangu, na kabla ya hao ilikuwepo beni. Jina lenyewe ni "band" la Kiingereza. Ilianza pwani ya Kenya, Mombasa na Lamu, mwishoni mwa karne ya 19. Vijana walichukua ngoma kubwa, tarumbeta, sare na vyeo vya kijeshi, wakaviingiza kwenye mashindano ya mitaa ambayo mji ulikuwa nayo tangu zamani. Baadaye Tanga na Dar es Salaam wakatokea Marini na Arinoti, kila kundi na mfalme wake, meja wake, daktari wake, na mfuko wa kuzikana na kusaidiana. Vita ya 1914 hadi 1918 ikalitawanya jambo hilo kwa askari na wapagazi: Tabora, Ujiji, hadi Malawi, ambako lilizaa ngoma za malipenga na mganda, na hadi migodi ya Zambia. Mwaka 1935 wachimba migodi walipogoma huko, tume ya uchunguzi ya Waingereza iliulizia habari za chama cha Mbeni, jina la beni huko, kwa kuwa serikali iliona watu wanaojua kupanga gwaride wanajua pia kupanga mgomo.

Unguja tunayo beni ya mbwa kachoka mpaka leo, na Dar matarumbeta ya harusini yametoka kwenye shina hilo hilo.

Mkufunzi wa Kwata

Turudi kwenye kazi yenyewe uwanjani, maana swali lilikuwa hilo pia.

Bendi inatoa amri. Ngoma kubwa inaangukia mguu wa kushoto, muda wote. Mpigo wa mfululizo wa ngoma ndogo mwanzoni unaweka kasi, na askari anajua mguu wa kwanza unaondoka lini. Mwishoni mpiga ngoma kubwa anatoa mipigo miwili ya mkazo iliyofuatana. Hiyo ni ishara kwa wapulizaji kwamba muziki unakatwa mwisho wa fungu hilo. Akisahau kuipiga, nusu ya bendi inakata na nusu inaendelea.

Mpangilio wa safu nao una sababu. Tromboni ziko mbele kabisa kwa kuwa mkono wake ukinyooshwa mpaka nafasi ya 7 unaongeza zaidi ya nusu mita. Ukimweka nyuma atamchoma mwenzake mgongoni. Ngoma zinakaa katikati ili kila mtu awe na umbali wa karibu sawa nazo, kwa hesabu ile ile ya sauti. Bendi inapogeuka kwa kupitana ndani kwa ndani, lazima kuwe na nafasi ya kutosha kati ya mistari ili wa tuba apite bila kugongana. Tuba ikigonga bega, mausipisi (kipande cha kupulizia) inarudi kwenye meno.

Kwenye Siku ya Mashujaa, 25 Julai, kazi ngumu kuliko zote iko kwa mtu mmoja mwenye parapanda. Haina vali, yaani vibonyezo vya kubadilisha noti. Last Post, mbiu ya kuwakumbuka waliokufa, yote inapigwa kwa noti tano tu zinazotolewa na midomo. Amesimama kimya nusu saa, mdomo umekauka, na noti ya juu inavunjika mbele ya taifa zima na Rais ameshika mkuki na ngao. Mpigaji mzoefu analowesha midomo, anapuliza hewa tupu polepole kupasha bomba, na hapigi mazoezi ya nguvu asubuhi ile. Midomo iliyochoka haifufuliwi kwa dakika tano.

Toazi

Namalizia upande wa utunzaji, kwa wanaosimamia bendi za shule na za majeshi ya akiba.

Hewa ya chumvi ya pwani inakula shaba. Dodoma vumbi ndilo adui. Kila baada ya kupiga, toa mate kwenye kitundu chake na upanguse nje kwa kitambaa kikavu, kwa sababu jasho la mkono linaacha kutu ya kijani pale pale unaposhika. Mara moja kwa mwezi osha ndani kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, tumia brashi ndefu ya kupinda. Maji ya moto yanabandua vanishi. Dawa ya kung'arishia yenye mchanga usiitumie kwenye chombo chenye vanishi, utaila yote. Vali zina namba 1, 2, 3 zilizogongwa. Ukizipachika kwa kubadilisha, hewa haipiti, na kijana atapuliza mpaka macho yamtoke akidhani chombo kimekufa. Mafuta ya vali ni matone matatu au manne. Mafuta ya cherehani au ya kula yanaganda na vumbi na yanasaga kuta za vali.

Mausipisi ikikwama usiitoe kwa koleo. Utapasua risasi ya viungo, na kuichomelea upya ni gharama kuliko chombo cha kuitolea, ambacho bendi yoyote inapaswa kuwa nacho kimoja sandukuni.

Kijana wa Keko

Wakuu wote, nimenakili uzi mzima. Gwaride lijalo nitasikiliza ile mipigo miwili.

Mkufunzi wa Kwata

Kaa karibu na bendi, ukiweza usawa na ngoma. Ukikaa ng'ambo ya uwanja utaisikia imechelewa.